Somo: Kupima nguvu ya msuli unaovutwa ukiwa umekaza, kwa mizani ya samaki

Msuli uliokazwa kisha ukavutwa ukarefuka hubaki na nguvu zaidi kuliko msuli uleule uliokazwa kwa urefu uleule bila kuvutwa. Abbott na Aubert walilieleza jambo hili mwaka 1952 kwa misuli ya wanyama. Baadaye likaonekana kwa binadamu pia, kwenye msuli wa kidole gumba na wa kifundo cha mguu. Hapa Lamu vifaa vyake havipo mbali.

Vifaa: mizani ya kutundika ya wauza samaki (kilo 50 au zaidi), kapi la mashua, kamba isiyonyumbulika, mkanda mpana wa kifundo cha mkono, guni ya seremala na saa. Nailoni usitumie, hunyumbulika na kuharibu kipimo.

1. Tunapima msuli wa mbele wa mkono wa juu, unaokunja kiwiko. Mpimwaji aketi, kiwiko mezani, mkono wa juu umelala. Kapi lifungwe kwenye nguzo iliyo mbele yake, kimo sawa na kifundo cha mkono. Mkanda, mizani, kamba, kapi: ndio mpangilio. Mizani ikilala sindano huenda isisimame sifuri; andika ilipoanzia, kisha toa.

2. Kiwiko kikiwa pembe mraba kwa guni, piga fundo kubwa linalogusa kapi upande wa mizani. Fundo hilo ndilo kizuizi, lisiteleze.

3. Kipimo cha kulinganisha: fundo likiwa kwenye kapi na msaidizi ameshikilia kamba upande wa pili, mpimwaji akaze kwa nguvu zote kama anayekunja kiwiko. Soma sekunde ya 9.

4. Kipimo cha kuvutwa: legeza kamba mpaka kiwiko kijikunje zaidi, pembe yake ya ndani iwe kiasi cha digrii 60. Akaze sekunde 2, msaidizi avute taratibu kwa sekunde 2 mpaka fundo ligonge kapi, naye mpimwaji asiache kukaza. Soma sekunde ya 9 tangu alipoanza kukaza.

5. Rudia mara 3 kila kimoja, kwa kupokezana, na dakika 3 za kupumzika katikati. Uchovu ukiingia tofauti hupotea.

Kosa kubwa ni kusoma namba wakati kamba inavutwa. Namba hiyo ni kubwa kweli, lakini ni nguvu ya msuli unaorefuka, si ile iliyobaki baada ya kutulia. Tunachotafuta ni iliyobaki, na kwa binadamu mara nyingi ni asilimia chache tu. Ndiyo maana bega likisogea kidogo kazi nzima imeharibika.

Sababu yake: wakati wa kuvutwa, vishikizo vya miosini (protini inayovuta ndani ya msuli) vinavyoung'ang'ania uzi wa aktini (protini inayovutwa) hunyooshwa. Kuvuta kukikoma, kunyooshwa huko huisha haraka. Kinachobaki huhusishwa zaidi na titini, protini ndefu inayofanya kazi kama springi ndani ya msuli, ambayo hukakamaa msuli unapoamshwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwangu mimi namba ni zilezile. Nimekosea wapi?*
Huenda hujakosea, ndugu yangu. Kwa kukaza kwa hiari wapo watu wasioonyesha tofauti, kwani ubongo huweza kupunguza amri msuli unapovutwa. Angalia kwanza kama hulegei pale fundo linapogonga.

*Nikivuta haraka zaidi?*
Usivute kwa kishindo. Nguvu hupanda ghafla, na kano ya kiwiko huweza kuumia.

*Sisi wa Malindi twauliza: mbona kushuka ngazi na mzigo kunauma kesho yake kuliko kupanda?*
Kwa sababu mapaja hurefuka yakiwa yamekaza. Nyuzi chache hubeba mzigo mkubwa, zikachubuka. Maumivu hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ukirudia zoezi wiki ifuatayo, maumivu hupungua sana.

*Mzee mwenye presha apimwe?*
La. Kukaza kwa nguvu zote huku pumzi imebanwa hupandisha presha sana. Wengine wote wahesabu kwa sauti wanapokaza, ili pumzi isizibwe.