SOMO: Kujiandaa na mtihani wa mkanda mweusi wa taekwondo (dan ya 1, yaani ngazi ya kwanza; utaratibu wa Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo duniani)

Habari wakuu. Swali la "nianzie wapi" linanifikia karibu kila wiki, na kila mara naandika majibu yaleyale. Nimeyaweka yote hapa. Ukiulizwa na mwenzako, mwelekeze huku.

Hatua ya 1. Hakiki anayekupendekeza. Mwalimu awe na dan ya 4 au zaidi ya Kukkiwon yenyewe. Muulize kabla hujalipa. Mtoto chini ya miaka 15 hupewa poom, yaani ngazi ya mkanda mweusi ya watoto, si dan.

Hatua ya 2. Pumzi na nyonga. Kimbia, ruka kamba, jinyooshe kila siku.

Hatua ya 3. Poomsae, yaani mifululizo ya matendo iliyopangwa. Zinaitwa Taegeuk 1 hadi 8, jua zote. Watahini huchagua moja kati ya 1 na 7, kisha unafanya ya 8, ambayo ni ya lazima. Wengi huinoa ya 8 hadi ikang'aa, halafu wanaitiwa ya 4 na miguu inagoma.

Hatua ya 4. Misimamo. Ap seogi (msimamo wa kutembea) ni hatua moja ya kawaida ya kutembea. Ap kubi (msimamo mrefu wa mbele) ni hatua moja na nusu: ukitazama chini, goti la mbele lifike usawa wa ncha za vidole, mguu wa nyuma ufunguke nyuzi 30 hivi, na kati ya mistari ya miguu miwili pabaki upana wa ngumi moja. Ukiiweka miguu kwenye mstari mmoja kama unatembea juu ya kamba, utayumba kila ukitua kutoka hewani. Dwit kubi (msimamo wa nyuma): miguu nyuzi 90, karibu asilimia 70 ya uzito nyuma, goti la nyuma lielekee vidole vyake, lisidondokee ndani.

Hatua ya 5. Usizoee ukuta mmoja. Hapa ndipo nilipokwama mtihani wa kwanza, kwa hiyo soma taratibu. Ukifanya mazoezi ukumbi uleule miezi sita, kichwa hakihifadhi poomsae peke yake. Kinahifadhi "geukia dirisha, kisha mlango, kisha bendera". Siku ya mtihani meza ya watahini iko kwingine, dirisha liko mgongoni, na mwili unageuka kulia badala ya kushoto. Pabaya zaidi ni Taegeuk 8 baada ya mstari wa kwanza: unageuka na kinga ya oe santeul makgi, mkono mmoja chini na mmoja juu, macho yakifuata mkono wa chini, uzito unahamia mguu wa pili kwa dangkyo teok jireugi (ngumi ya kidevuni huku mkono mwingine ukivuta), taratibu na kwa nguvu, mguu unavuka mbele ya mwenzake, na yote yanarudiwa upande wa pili. Anayetegemea dirisha hupotelea hapo.

Dawa yake ni chaki. Weka alama ya X unapoanzia, chora mstari wa kati na mistari mitatu inayoukata. Leo anza ukitazama ukuta wa kawaida, kesho geuka robo, keshokutwa robo nyingine. Ukishazunguka kuta zote nne, fanya umefumba macho. Mwisho urudi kwenye X. Ukikosea kwa zaidi ya unyayo mmoja, kuna hatua imefupika, na mara nyingi ni ap kubi za kurudi, kwa sababu umechoka.

ONYO: usiburuze mguu mwishoni ili uifikie X. Watahini wanaona.
ONYO: ukipotea katikati, usiduwae ukitazama dari. Shikilia msimamo, vuta pumzi moja, endelea na tendo linalofuata.
ONYO: Taegeuk 8 ina kihap (ukelele wa nguvu) mbili. Ya kwanza ni kwenye dubal dangsang, mateke mawili yote ukiwa hewani. Ya pili ni kwenye teke la kuruka linalofuata baada ya ap chagi (teke la mbele) ya kawaida. Usiyachanganye.

Hatua ya 6. Kyorugi, yaani kupigana na mpinzani. Ngao zote, mikono juu, usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka.

Hatua ya 7. Kuvunja mbao, pale mtihani wenu unapoitaka. Ubao wa paina wa sentimita 2 unatosha. Lenga nyuma ya ubao, si usoni pake.

Hatua ya 8. Nadharia. Kukkiwon ilifunguliwa Seoul mwaka 1972, shirikisho la dunia likaundwa 1973, na taekwondo ikaanza kutolewa medali rasmi za Olimpiki Sydney 2000. Jua pia majina ya misimamo na kinga kwa Kikorea, kwa sababu ndivyo utakavyoitiwa.

MASWALI

Kijana_Gongolamboto: Mkuu, poomsae zipi zinatoka?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana_Gongolamboto: Ni ndefu, nipe kwa kifupi.

Jibu: Zote nane.

Mtu_wa_Mteke: Umetupotosha. Mwalimu wetu anasema msimamo wa mbele ni upana wa mabega.

Jibu: Sijapotosha. Mnajifunza Chon-Ji, Dan-Gun na wenzake? Basi mko ITF, shirikisho jingine la taekwondo, na kwao upana ni wa mabega kweli. Kichwa cha somo kimesema Kukkiwon. Mfuate mwalimu wako.

Dada_Kisauni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini Taegeuk zote zina mistari mitatu? Na kuna njia ya kushika maana zake?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Kila Taegeuk imejengwa juu ya alama ya kale yenye mistari mitatu, mizima au iliyokatika. 1 ni mbingu, 2 ziwa, 3 moto, 4 radi, 5 upepo, 6 maji, 7 mlima, 8 ardhi. Sasa itazame bendera ya Korea Kusini: kwenye pembe kuna alama nne. Mistari mitatu mizima ni mbingu, yaani ya 1. Yote iliyokatika ni ardhi, ya 8. Mzima katikati ni maji, ya 6. Uliokatika katikati ni moto, ya 3. Hapo umeshika nusu, na mara nyingi bendera yenyewe imetundikwa ukumbini.

Mama_Tabora: Mwanangu ana mkono mmoja tu unaofanya kazi. Nimwache aendelee?

Jibu: Aendelee, dada yangu. Parfait Hakizimana, Mrundi aliyekuwa akiishi kambi ya wakimbizi ya Mahama nchini Rwanda, mkono wake wa kushoto haufanyi kazi, na alishindana Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kambini alikuwa akifundisha watoto. Mwalimu azungumze na watahini mapema, wakubaliane kinga zipi zitafanywaje.

Fundi_Randa: Mimi ni seremala. Vijana wanakuja kununua mbao za kuvunja, wanaondoka na plaiwudi au mninga. Plaiwudi ina tabaka zinazopishana, haipasuki. Chukueni paina ya inchi 1 kwa 10, ambayo ikirandwa hubaki kama sentimita 2, mkate urefu wa sentimita 30, isiwe na vifundo. Ikiwa mbichi inapinda tu, iacheni kivulini wiki mbili, vijiti katikati ili hewa ipite.

Jibu: Asante sana fundi. Nyongeza kwa wanaoshika: shikeni zile pande mbili zilizokuwa kingo za ubao mrefu, si pale msumeno ulipokata. Ubao hupasuka kufuata nyuzi. Mkishika penye msumeno, mwenzenu anapiga kukatisha nyuzi na ataumia kifundo cha mguu. Viganja viwe nyuma ya ubao, viwiko vimekazwa, uso umegeuzwa pembeni.