Insulini na joto la Tanga

Mnaochoma insulini, dawa ya kisukari, hapa Tanga na nyumbani hamna friji, msiiache juu ya kabati chini ya bati, hasa kaskazi hii. Chukua chungu kikubwa cha udongo, tia mchanga, umwagie maji hadi uloe, kisha tumbukiza ndani yake chungu kidogo. Vichupa vifunge kwenye mfuko wa plastiki visilowe, viweke humo, funika kwa kitambaa kibichi. Chungu kikae kivulini penye upepo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, pasipo upepo maji hayakauki na chungu hakipoi. Ongeza maji asubuhi na jioni.

Mwenye friji aweke kichupa kisichofunguliwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Ikiganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ikishafunguliwa, nyingi hudumu wiki 4 hivi nje ya friji kama joto halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa.

Kabla ya kuvuta dozi, itazame. Ile angavu ikiwa na ukungu, usiichome. Ile ya rangi ya maziwa izungushe taratibu viganjani bila kuitikisa. Ikibaki na mabonge au chembe zilizonata kwenye kioo, irudishe kliniki upewe nyingine.