Zailanesi kwenye chakula cha kuku chenye ngano nyingi

Ngano ina nyuzinyuzi ziitwazo arabinozailani. Sehemu yake huyeyuka ndani ya utumbo wa kuku na kuwa ute mzito unaozuia wanga na mafuta kumeng'enywa. Dalili zake ni kinyesi kinachonata, maranda yaliyolowa, na vifaranga wanaokula vizuri lakini hawaongezeki uzito. Kuku hana kimeng'enya (kitu kinachovunja chakula tumboni) cha kukata nyuzi hizo. Zailanesi, kimeng'enya kinachoongezwa kwenye chakula, ndiyo huzikata. Ukilisha shayiri pia, chagua bidhaa iliyoongezwa betaglukanesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi za shayiri. Fitesi, kimeng'enya kingine, ni nzuri, ila kazi yake ni kufungua madini ya fosforasi, haitaondoa ute.

Soma lebo kabla ya kupima. Nguvu ya kimeng'enya huhesabiwa kwa yuniti, kwa hiyo gramu 10 za bidhaa moja huenda zisilingane na gramu 10 za nyingine. Tuseme lebo inataka gramu 100 kwa tani: kilo 100 za chakula zitahitaji gramu 10. Pima kwa mizani ya gramu, kijiko hudanganya.

Wengi huharibu kazi kwenye kuchanganya. Ukimwaga gramu 10 moja kwa moja kwenye kilo 100, baadhi ya kuku watapata nyingi na wengine wasipate kitu. Vaa barakoa kwanza, kwani vumbi la vimeng'enya linaweza kusababisha pumu. Changanya gramu hizo na nusu kilo ya unga laini wa chakula hichohicho, koroga vizuri, ongeza kilo 5, koroga tena, kisha utawanye juu ya rundo lililobaki. Geuza rundo kwa koleo kuanzia chini, lote, mara kadhaa, si juujuu tu.

Joto ni adui. Usiloweke chakula kwa maji ya moto. Ukitengeneza peleti (vipande vidogo vya chakula kilichoshindiliwa), joto la mashine likipita nyuzi 80 hivi, vimeng'enya vingi hupoteza nguvu. Tafuta aina inayostahimili joto, au nyunyizia zailanesi ya kimiminika baada ya peleti kupoa. Pakiti iliyofunguliwa ifungwe vizuri, ikae pakavu na penye ubaridi.

Baada ya siku kadhaa, fikicha maranda mkononi. Yakiwa bado yanagandamana, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha kiasi cha chumvi kwenye chakula cha kuku na maji yanayovuja kwenye vyombo. Ukiona damu kwenye kinyesi, mwite daktari wa mifugo mara moja: hiyo huenda ni koksidia, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea, na zailanesi haiutibu.