Somo: Kisu cha kukunja cha mfukoni, soma hapa kabla hujaniuliza "ninunue kipi?"

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Fundi, nitajie kisu kizuri cha bei poa." Leo naandika mara moja, na wanaokuja mwaelekeze hapa. Nazungumzia kisu cha kukunja cha kazi ndogo ndogo: kufungua katoni, kuchuna waya, kukata kamba, kumenya chungwa. Wa kuchinja mbuzi wana visu vyao.

1. Urefu. Bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha.

2. Bei. Ipange ukiwa nyumbani, si mbele ya meza ya muuzaji.

3. Chuma. Bapa lililogongwa "stainless steel" basi, bila neno jingine, halijakwambia kitu. Hiyo ni ukoo mzima, si jina. Tafuta jina lenyewe: 12C27, 8Cr13MoV, 440C, D2. Kwa mifuko yetu hivyo viwili vya kwanza vinatosha kabisa, vinanoleka haraka na havisumbui kwa kutu. D2 hushika makali muda mrefu zaidi, lakini haimo kamili kwenye kundi la visivyoshika kutu. Mtu wa Pwani mwenye jasho jingi ataona madoa. Halafu kuna hadithi ya sumaku, eti ikinasa chuma ni feki. Ni kinyume chake. Chuma cha kisu kinachoweza kukomazwa kwa moto karibu chote hunaswa na sumaku, hata kile kisichoshika kutu. Sumaku ikikataa, hicho pengine ni chuma cha masufuria. Na yale mawimbi ya "Damasko" (chuma cha matabaka yaliyofuliwa pamoja) kwenye visu vya bei ya soda ni mchoro tu.

4. Kufuli. Hapa tulieni. Kisu kisicho na kufuli kinashikiliwa na springi peke yake. Kukata ni sawa, kutoboa hapana, kwa sababu ncha ikikwama bapa linarudi kwenye vidole. Kovu langu la kidole cha shahada lilitokana na jerikeni la plastiki. Chenye kufuli nacho si salama mpaka ukipime. Kifungue, vidole vyote vikae ubavuni mwa mpini, pasiwe na hata kimoja kwenye njia ya bapa. Kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, ukiongeza nguvu. Likianza kujikunja, mrudishie mwenyewe. Usiligonge kwa nguvu kama wanavyofanya kwenye video, utaharibu hata kufuli lisilo na kasoro. Fungua na funga mara kadhaa, kisha kamata mpini kwa nguvu na uzungushe kiwiko kama unayekaza skrubu. Kufuli za kibati cha ndani, kile kinachoruka kando na kuegemea shina la bapa, nyingine huachia hapo hapo. Kibati kiingie vya kutosha nyuma ya shina. Kikigusa ukingoni tu, acha. Mwisho shika ncha, utikise kushoto na kulia. Bapa likicheza kikiwa kipya, mwakani litakuwa njuga.

Onyo jingine: uchafu wa mfukoni huingia ndani ya kibati na kufuli lisikamate vizuri. Kipulize mara kwa mara.

5. Mpini. Usiteleze mkono ukiwa na maji.

6. Makali. Kikija butu si sababu ya kukikataa. Makali utatia mwenyewe, kufuli huwezi.

Majina sasa. Opinel namba 8 ya Ufaransa: bapa sentimita 8.5, mpini wa mbao, na pete unayoizungusha kufunga bapa. Pete hiyo ipo tangu 1955 na sijaona kufuli rahisi kuielewa kuliko hiyo. Okapi ni ile ya pete ya kuvuta, inayolia krrk ukiifungua. Ilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, siku hizi inatoka Afrika Kusini. Umaliziaji wake ni wa kishamba na bapa hucheza kidogo (hiyo ndiyo pekee ninayoisamehe), ila kwa bei yake huna cha kudai. Victorinox ndogo kwa anayetaka na mkasi. Zote tatu zina feki, kagua.

MASWALI

Chogo: Mkuu maelezo marefu, taja kimoja tu kizuri.
— Vimetajwa vitatu. Soma.

Jembe la Mkono: Kipi kinafaa kujihami usiku?
— Hakuna. Panda bodaboda mapema. Na polisi akikuuliza kisu cha nini, usimjibu ni cha kujihami.

Binti Pangani: Samahani kaka, nina Opinel ya chuma cha kaboni, nakatia ndimu na samaki. Bapa limekuwa la kijivu lenye madoa ya bluu. Ndiyo kutu?
— Hapana dada, na swali zuri. Huo ni utando unaoletwa na asidi ya ndimu, na unalikinga bapa kidogo. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni ukipangusa. Osha, kausha hapo hapo, paka mafuta kiasi. Usikiloweke kwenye beseni la vyombo.

Mbeba Boksi: Niko Uingereza, naweza kutembea na hiyo namba 8?
— Bila sababu ya msingi, hapana. Huko kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila maelezo ni cha kukunja kisicho na kufuli, makali yasizidi inchi 3. Chukua Victorinox ndogo isiyo na kufuli. Ukisafiri kwa ndege, kiende kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, si la mkononi.

Chogo: Kwa hiyo Okapi au Opinel?
— Una mikono ya kazi chafu, Okapi. Una chungwa, Opinel.

Mzee Nahodha: Vijana, asiye na jiwe la kunolea ageuze kikombe cha udongo. Ule mduara wa chini usiong'arishwa unanoa vizuri.
— Shikamoo mzee. Kweli kabisa, kwa kumalizia. Kikiwa butu sana anza na jiwe, ukilaza bapa nyuzi 20 hivi.

Mzee Nahodha: Marahaba. Na Opinel ikivimba kwa unyevu bapa lisitoke, gonga kitako cha mpini mezani, ncha itachungulia.

Binti Pangani: Yangu inafanya hivyo masika! Niipake mafuta ya kupikia?
— Hayo yataganda kama gundi. Kwenye kiungo tia tone la mafuta ya cherehani. Mbao iache ikauke kivulini, usiianike juani, itapasuka.