Goti likiuma upande wa nje wakati wa kushuka

Naongoza wageni Kilimanjaro, na masika wageni wanapopungua nafanya mazoezi na vijana wa Moshi wanaokimbia nusu marathoni. Malalamiko ni yale yale kwa wote: kupanda hakuna neno, kazi ni kushuka. Ukitoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, ukaenda kulala kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi, umeteremka karibu mita 2,800 kwa siku moja. Goti linaanza kuchoma upande wa nje, na ukifika kwenye ngazi za msituni unashuka kwa ubavu.

Jipime kwanza. Kaa kwenye kiti, tafuta kwa kidole gumba mfupa uliotokeza nje ya goti, juu kidogo ya maungio. Bonyeza hapo huku unanyoosha mguu taratibu. Maumivu yakikushika mguu ukiwa unakaribia kunyooka, yaani umebaki mkunjo wa nyuzi 30 hivi, basi huenda ni ile kano pana inayotoka nyonga, ikapita nje ya paja na kushika chini ya goti. Ukikunja na kukunjua goti mara maelfu, kano hubana nyama laini zilizo kati yake na mfupa. Mteremko huzidisha kwa sababu mguu unatua ukiwa kwenye mkunjo huo huo.

Lakini goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla, au likianza kuuma baada ya kuanguka, hilo ni jambo jingine. Nenda hospitali.

Siku za mwanzo acha kukimbia na acha miteremko. Tembea tambarare kama hakuumi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15. Usisugue penye maumivu kwa dawa ya kuchua. Chua paja na kalio. Na tafadhali, usimeze dawa ya maumivu ili umalize mteremko. Inaficha onyo tu, na goti linaendelea kuumia.

Dawa yenyewe iko kwenye nyonga. Misuli ya kando ya kalio ikiwa dhaifu, paja linaangukia ndani kila unapotua na kano inavutika. Lala kwa ubavu, mguu usiouma ukiwa juu kama unaanza nao, mgongo na kisigino vikigusa ukuta. Inua mguu wa juu ukiburuza kisigino ukutani, vidole vikielekea chini kidogo, kisha ushushe polepole sana. Mara 10 hadi 15, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo, moja hapana. Lazima kalio liwake. Ukisikia mbele ya paja, umeviringika nyuma, rudi ukutani.

Hilo likiwa jepesi, simama kwa mguu mmoja juu ya tofali la inchi sita lililolazwa, shusha kisigino cha mguu mwingine mpaka kiguse chini, panda tena. Mwambie mwenzako akutazame kwa mbele: goti lisiingie ndani, kiuno kisilale upande. Bora mara tano safi kuliko 20 za kuyumba. Likiuma, punguza kimo.

Kurudi kukimbia, anzia tambarare, kwa vipande vifupi, na upumzike siku moja katikati. Fupisha hatua, ziwe nyingi zaidi kidogo kwa dakika, na miguu isipishane kana kwamba unatembea juu ya kamba. Barabara iliyoinama pembeni, badilisha upande. Maumivu yakianza, geuka urudi kwa kutembea. Barabara ya mteremko ya kwenda Mweka iache mpaka tambarare iwe salama kabisa.

Mlimani, refusha fimbo zako kabla ya kuondoka kambi ya Barafu, zitangulize zote mbili, shuka kwa hatua fupi na kwa kupindapinda, si moja kwa moja.

Kwa wapagazi nina neno la ziada, maana wengi huficha goti wakihofia kukosa safari ijayo. Mzigo halali ni kilo 20, na kwa goti linalouma hata hizo ni nyingi. Mwambie kiongozi usiku, kabla ya mizigo kupimwa asubuhi, ili wenzako wagawane wakati bado kuna nafasi. Na wewe kiongozi mwenzangu, akikuambia, mpunguzie, na safari ijayo muite.