Bando dogo, burudani ya wiki nzima
Nakaa Tandale, Dar; singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, niliikuta mlangoni kabla sijaikuta mtandaoni. Bando likiwa dogo, usitazame ovyo. Kwenye YouTube gusa alama ya gia, shusha ubora wa picha hadi 360p. Kichekesho hakihitaji picha ya sinema, kinahitaji sauti safi, maana utamu wote uko kwenye lile jibu la mwisho. Zima pia ile ya video inayofuata kujianzisha yenyewe; hiyo ndiyo inayomaliza bando ukiwa umesinzia. Nyimbo pakua usiku, usikilize kwenye basi la mwendokasi kutoka Manzese hadi Kivukoni. Vaa hedifoni, tafadhali: mama wa pembeni ametoka zamu ya usiku. Gemu? Kwanza zima data, uone kama inafunguka bila bando.