SOMO: Vigeu vya Bash, ukiviseti tu kitu kinatokea

Wakuu wa Mtwara na Lindi, hili nimelijibu mpaka vidole vimechoka, anayetaka kuuliza tena asome kwanza. Bash ni programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, na kigeu (variable) ni jina linalobeba thamani.

1. Fungua terminali, andika `echo $BASH_VERSION`. Isipotoa namba hauko Bash.

2. `SECONDS=0`. Saa inaanza upya, mwisho wa skripti `echo $SECONDS` inakupa muda uliotumika.

3. `RANDOM=42`. Ukiisoma hukuti 42, umepanda mbegu tu, namba zinazofuata zitajirudia kwa mpangilio uleule kila ukianza na 42.

4. `HISTFILESIZE`. Hapa tulia. Watu wanadhani ni mpangilio wa baadaye, kumbe ukiandika `HISTFILESIZE=50` ukabonyeza enta, hapohapo faili la historia (orodha ya amri ulizowahi kuandika) linakatwa, inabaki mistari 50 ya mwisho, haikuulizi chochote. Sasa fikiria seva ya ghala la korosho, ile amri ndeeefu ya kutoa ripoti ya mnada haijaandikwa popote ila humo, na msimu ndo umefunguliwa. Kopi kwanza: `cp ~/.bash_history ~/historia.bak`. KWANZA, sio baadaye.

5. Usifute SECONDS wala RANDOM kwa `unset`. Hata ukiiseti tena inabaki kigeu cha kawaida.

MASWALI

– Mkuu nimeseti HISTFILESIZE=10 historia imepotea, nafanyaje?

Hatua ya 4 umeiruka. Kama terminali ile hujaifunga, weka `HISTFILESIZE=5000` kisha `history -w`, zilizopo kwenye memori zitaandikwa tena. Kama umefunga, pole.

– Skripti inaniambia ls: command not found. Nimeweka PATH=/home/data tu

Hiyo "tu" ndo tatizo. Bash inatafuta amri kupitia PATH. Kigeu chako kipe jina lingine.

– Mimi nimetumia `path` ya herufi ndogo kwenye Mac na bado amri zinapotea, kwa nini?

Dada hapo umeuliza. Mac tangu Catalina ya 2019 zinakuja na zsh, programu nyingine ya amri kama Bash, na huko `path` na `PATH` zimefungwa pamoja, ukigusa moja na nyingine inabadilika. Iite `njia` uishi kwa amani.

– Nje ya mada kidogo, seva ya ofisini inanitoa kila nikienda kuchukua chapati

Haha, cheki `echo $TMOUT`. Ikiwa 300, ukikaa sekunde 300 bila kuandika kitu Bash inajifunga. Jaribu `unset TMOUT`, ikikataa ujue imewekwa readonly (haibadilishwi), kaongee na admin, na chapati mpelekee.